SOMO KWA WATUNZA GHALA: MAJI YALIYOMO NDANI YA SAMAKI

Kilo zilizopungua ghalani ni neno zito katika chama chochote cha ushirika. Mkutano mkuu unaposomewa kwamba ghala lilipokea kilo 400 za samaki wakavu na kuuza kilo 380 tu, macho yote humgeukia mtunza ghala. Aghalabu mtu huyo huondolewa kazini au hukatwa malipo yake kabla hajatokea mjumbe wa kuuliza kama kilo hizo 20 zilibebwa na mwizi au zilipaa hewani. Swali hilo si la mzaha. Jibu lake limo katika elimu ya kemia na elimu ya viumbe ifundishwayo katika madarasa ya kwanza ya sekondari, na bodi isiyoifahamu haiwezi kutoa hukumu ya haki juu ya ghala la samaki.

Jambo hili lina uzito wa pekee huko Mtera. Bwawa hilo, lililojengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 chini ya mahali ambapo mto Kisigo unakutana na Ruaha Mkuu, lilikusudiwa kuweka akiba ya maji kwa ajili ya mtambo wa umeme wa Kidatu, na mwaka 1988 likapata mtambo wake lenyewe wa megawati 80. Uvuvi ulifuata nyuma ya umeme. Perege na kambare wa Mtera huuzwa kando ya barabara kuu iendayo Dodoma na Iringa, na wale wasiopata mnunuzi mapema hawana budi kukaushwa, kwa kuwa katika joto la mchana wa nchi ile samaki mbichi asiye na barafu hamalizi siku moja akiwa mzima.

Nyama ya samaki mbichi ni maji kwa sehemu kubwa. Katika kila gramu 100 za nyama ya perege, kiasi cha gramu 80 ni maji. Zinazobaki ni protini, mafuta kidogo na madini. Maji hayo hayakai kama maji ya ndoo. Yamo ndani ya seli, ambazo ni vyumba vidogo sana vilivyoujenga mwili wa kila kiumbe, na kila seli imezungukwa na utando mwembamba unaochagua kipi kipite na kipi kizuiliwe. Samaki akiwa hai, utando huo hufanya kazi yake sawasawa. Akifa, ulinzi huanza kuvunjika, na hapo maadui wawili hupata nafasi.

Adui wa kwanza anatoka ndani ya samaki mwenyewe. Tumbo la samaki lina vimeng'enya, yaani protini maalumu ambazo kazi yake ni kukivunjavunja chakula ili mwili uweze kukitumia. Samaki akifa vimeng'enya havijui kwamba amekufa. Huendelea na kazi, na kwa kuwa chakula kimekwisha, huanza kuivunja nyama ya tumbo. Ndiyo sababu samaki asiyepasuliwa huanza kulegea na kupasuka tumboni kabla ya mahali pengine popote, na ndiyo sababu kuondoa matumbo upesi ni kazi ya thamani kuliko wavuvi wengi wanavyodhani.

Adui wa pili ni bakteria. Hawa ni viumbe hai vya seli moja, wadogo kiasi kwamba wengi wao wakipangwa mmoja nyuma ya mwenzake huhitajika karibu 1,000 kujaza urefu wa milimita moja. Wapo juu ya ngozi, katika matamvua na ndani ya matumbo ya samaki aliye mzima, wala hawamdhuru. Baada ya kifo huingia katika nyama na kuila, na kila mmoja hugawanyika kuwa wawili. Mahali penye joto na maji ya kutosha, mgawanyiko huo waweza kuchukua nusu saa tu. Hesabu yake ni rahisi, nayo inatisha: bakteria mmoja akigawanyika kila nusu saa kuanzia saa 12 asubuhi, ifikapo saa 10 jioni wamegawanyika mara 20, nao ni zaidi ya 1,000,000. Harufu ya uvundo ni takataka yao. Protini ina naitrojeni na salfa. Bakteria wakiivunja hutoka gesi ya amonia na gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inukayo kama yai viza.

Maadui wote wawili wana udhaifu mmoja: hawawezi kufanya kazi pasipo maji. Bakteria hana mdomo. Chakula chake ni lazima kwanza kiyeyuke katika maji ndipo kipenye kwenye utando wake. Basi ukaushaji wote wa samaki, uwe wa jua, wa moshi au wa chumvi, ni njia ya kuwanyang'anya bakteria maji.

Jua na upepo huyaondoa maji kwa kuyageuza mvuke. Hapa nchi ya kati ina neema ambayo pwani haina, kwani kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya Dodoma ni kavu na upepo hauna ubahili. Lakini maji huondoka juu ya ngozi tu, na yale yaliyo kando ya mifupa sharti yasafiri kwanza kufika juu. Mkaushaji mwenye haraka akimweka samaki mnene juu ya moto mkali tangu mwanzo, sehemu ya nje hukauka na kuwa ganda gumu, maji ya ndani yakakosa njia. Samaki huyo akigongwa hutoa sauti ya ukuni, na kumbe katikati anaoza. Dawa ni kumpasua kuanzia mgongoni, kumlaza juu ya chanja ili upepo upite pande zote mbili, na kuanza na moto mdogo. Moshi wenyewe huongeza ulinzi, kwa sababu unazo fenoli na asidi ambazo bakteria hawazipendi. Hata hivyo kazi kubwa katika tanuri hufanywa na joto, wala si moshi, na samaki mweusi kwa masizi si lazima awe amekauka.

Chumvi hufanya kazi kwa njia nyingine, na kila mpishi ameiona. Kitunguu cha kachumbari kikinyunyiziwa chumvi, baada ya dakika chache bakuli huwa na maji ambayo hakuna aliyeyatia. Yametoka ndani ya seli za kitunguu. Kanuni ni kwamba maji hupita katika utando kutoka upande wenye vitu vichache vilivyoyeyuka kwenda upande wenye vitu vingi, na wanasayansi huita jambo hilo osmosisi. Samaki aliyefunikwa kwa chumvi hutoa maji vivyo hivyo, na wakati huohuo chumvi huenea polepole kuingia ndani ya nyama. Hata bakteria, ambaye naye ni seli yenye utando, hunyonywa maji yake akanyauka. Tena, chumvi iliyoyeyuka huyashika maji yaliyobaki. Chumvi ni muungano wa sodiamu na klorini, metali inayolipuka ikiguswa na maji na gesi ya sumu, ambazo zikiungana huwa kitoweo. Katika maji muungano huo huachana kuwa chembe zenye umeme, na kila chembe huzungukwa na maji yasiyoweza tena kutumiwa na bakteria. Gramu 100 za maji huweza kuyeyusha gramu 36 hivi za chumvi na si zaidi. Wakaushaji wengi hutumia kilo 1 ya chumvi kwa kilo 3 za samaki, nacho ni kipimo cha kutosha.

Sasa na irudiwe hesabu ya ghala. Tuseme mwanachama amevua kilo 100 za perege. Matumbo na magamba yakitoka, zinabaki kilo 85. Katika hizo, maji ni kilo 68 na nyama kavu kabisa ni kilo 17. Kilo hizo 17 ndizo mali; hazipungui kwa jua wala haziongezeki kwa mvua. Akimkausha samaki wake mpaka maji yabaki asilimia 15 ya uzito, atafikisha ghalani kilo 20. Jirani yake, aliyevua kiasi kilekile lakini akaondoa samaki wake juani mapema wakiwa bado na maji asilimia 32, atafikisha kilo 25. Chama kinacholipa kwa kilo bila kuangalia ukavu kitamlipa mvivu kilo 5 zaidi ya mwenye bidii, na kilo hizo 5 ni maji matupu ya bwawa. Baada ya majuma machache samaki wa jirani ama watakuwa wameota ukungu, ama watakuwa wamekauka ghalani na kubaki kilo 20. Katika daftari upungufu huo husomeka kama wizi. Mtunza ghala hulipishwa maji ambayo chama kiliyanunua kwa hiari yake.

Zile kilo 400 za mwanzo zaweza kuelezwa kwa njia hiyohiyo. Samaki wa kilo 400 wenye maji asilimia 20 wana nyama kavu kilo 320. Wakikaa ghalani wakati wa kiangazi na maji yao yakashuka hadi asilimia 16, uzito wao utakuwa 320 gawanya kwa 0.84, yaani kilo 381. Kilo 19 zimekwenda bila mkono wa mtu.

Lakini elimu hii hukata pande mbili, na mwenye nia mbaya asidhani imempa ngao. Kuanzia Desemba hadi Aprili hewa huwa na unyevu, na samaki mkavu huurudisha mwilini mwake. Zile kilo 20 zenye maji asilimia 15, zikifikia asilimia 20, zitakuwa kilo 21 na robo. Mtunza ghala asiye mwaminifu aweza kuchukua kilo nzima na robo katika kila 20, na mizani ikasema hakuna kilichopungua. Samaki wa chumvi ni wepesi zaidi wa kuficha jambo hilo, kwa kuwa chumvi hunyonya maji ya hewani mara unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75, na chumvi isiyosafishwa yenye magnesi huanza mapema kuliko hapo. Daftari lisilo na upungufu wowote wakati wa mvua linastahili kutazamwa kwa makini kama lile lenye upungufu mkubwa wakati wa kiangazi. Kwa sababu hiyo kiwango kimoja cha upungufu, ambacho bodi hupenda kukipitisha kwa mwaka mzima ili kupunguza mabishano, humwonea mwaminifu kwa miezi sita na kumficha mwizi kwa miezi sita mingine.

Linalohitajika ni kupima maji yenyewe. Siku ya kupokea, na tena siku ya kuuza, huchukuliwa vipande kutoka kwa samaki kadhaa wa magunia mbalimbali, hukatwakatwa vidogo na kupimwa gramu 100 kamili. Hukaushwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 105 na kupimwa tena kila baada ya saa chache, mpaka uzito ukatae kushuka. Zikibaki gramu 82, maji yalikuwa asilimia 18. Maabara ya shule ya sekondari iliyo jirani huweza kuwa na tanuri na mizani ya namna hiyo, na hakuna zoezi la kemia litakalowafaa wanafunzi wa kijiji cha wavuvi kuliko hilo. Matokeo huandikwa katika daftari la ghala kando ya kilo, mbele ya mtunza ghala na mjumbe mmoja wa bodi, na wote wawili hutia sahihi. Mkaguzi akija atazidisha kilo kwa sehemu iliyo kavu na kulinganisha nyama kavu iliyoingia na iliyotoka. Samaki wa chumvi hupimwa peke yao, na uzito wa chumvi iliyotumika huandikwa, maana baada ya kukaushwa chumvi nayo huhesabika kama kitu kikavu.

Uko upungufu wa tatu, usio wa maji wala wa wizi. Wapo wadudu wadogo wenye gamba gumu ambao watoto wao wenye manyoya huishi kwa kula samaki mkavu, na huacha unga chini ya gunia na mifupa iliyochongwa. Unga huo upimwe na uandikwe. Nzi ni adui wa siku za mwanzo, kwa kuwa hutaga juu ya samaki aliye bado na unyevu, na funza huonekana baada ya siku moja hivi. Hapa ndipo baadhi ya watu hutenda jambo la hatari kubwa: huwanyunyizia samaki dawa ya wadudu ya shambani. Dawa nyingi za namna hiyo humuua mdudu kwa kuzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa yake ya fahamu, na binadamu ana kimeng'enya kama hichohicho. Nyingi hujificha katika mafuta ya samaki, hazitoki kwa kuoshwa, wala kupika si kinga ya kutegemewa. Chama kikipokea samaki asiyetuliwa na nzi hata mmoja ilhali ana unyevu na ananuka dawa, hakina ruhusa ya kumuuza kwa bei yoyote. Chumvi ya kutosha, wavu juu ya chanja na gunia safi hufanya kazi hiyohiyo bila kumuua mlaji.

Mwisho ni suala la samaki wa chumvi wanaoota wekundu kama wa damu iliyofifia. Wengi hudhani ni kutu ya ndoo. Ni bakteria wa jamii ya pekee, ambao hawaishi pasipo chumvi nyingi, na huletwa na chumvi inayovunwa kwa jua katika mashamba ya chumvi ya pwani. Kwao chumvi si kinga. Kinga ni ukavu, maana hewa ya ghala ikiwa chini ya ule unyevu wa asilimia 75 hawaongezeki. Samaki wachache wenye dalili za mwanzo waoshwe kwa maji ya chumvi iliyokolea na kurudishwa juani siku hiyohiyo. Waliolegea nyama wateketezwe, na uzito wao uandikwe kabla ya kutiwa motoni.