MAS-ALA YA ALIYEZOEA KASUMBA

Bismillahi Rahmani Rahimi. Amma baad: katika hadithi ya Ummu Salama, aliyoipokea Abu Daudi, Mtume (S.A.W.) alikataza kila chenye kulevya na chenye kuulegeza mwili. Kasumba, yaani afyuni, imo humo. Lakini mofini, iliyotolewa katika kasumba, ni halali kwa mgonjwa mwenye maumivu makali kwa kipimo cha tabibu. Hayo hayana matata.

Penye matata ni kwa aliyekwisha zoea. Ibnu Hajar wa Makka, mwenye Tuhfa, aliulizwa juu ya mtu ambaye asipokula kasumba huangamia. Akajibu kuwa, yakijulikana hayo kwa yakini, si halali tu kwake bali ni wajibu, mfano wa mzoga kwa mwenye kudhurika na njaa. Na yampasa apunguze kidogo kidogo hata tumbo lisahau. Asipopunguza, ana dhambi.

Jawabu hili la karne ya 10 ya Hijra lawahusu vijana wa unga. Unga huo ni heroini, mofini iliyogeuzwa. Kampuni ya Bayer iliuza mwaka 1898 kuwa dawa ya kikohozi! Baba humfungia mwanawe chumbani siku kadhaa, arosto ikapoa, akamtoa akidhani amepona. Kumbe mwili umepoteza mazoea, na moyo bado watamani. Kijana akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi hukatika akafa. Arosto yenyewe ni nadra kuua. Kiuacho ni kurudia huku.

Basi ndipo ikaja methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, kisha Zanzibar, Malindi na Mombasa. Hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, nayo huzuia arosto yapata siku nzima, mtu akaenda kazini na msikitini. Wasemao kuwa huyo amebadili ulevi kwa ulevi hawakuitazama fatwa ile. Kweli, matabibu hawaharakishi kupunguza, na wengine huinywa miaka. Lakini apunguzaye kwa pupa humrudisha mtu kwenye unga, na hilo silo alilolitaka Ibnu Hajar.

Mkataba wa mataifa wa mwaka 1961 nao ulikiri kuwa dawa hizi ni za lazima kwa kuondoa maumivu, ukataka zilindwe. Kwa hiyo atoaye methadoni yake kwa siri akaiuza mtaani amevunja sharia ya Mungu na ya serikali pamoja.

Wallahu aalam.