Doa Chini ya Gari
Doa jeusi chini ya gari linakuonyesha oili ilipodondokea, si ilipotokea. Oili inayopenya kwenye gasketi ya juu huchuruzika ubavuni mwa injini, upepo wa safari huisukuma nyuma, vumbi huigandia, kisha hudondoka chini ya giaboksi. Ndipo giaboksi nzima hufunguliwa bure, na mwenye gari analipa.

Kuna njia ya kuifuata oili hadi inapotokea. Fundi humimina rangi maalumu kidogo ndani ya oili, gari likaendeshwa, kisha humulika injini gizani kwa tochi ya miale ya urujuanimno. Panapovuja hung'aa kijani cha manjano.

Kwa nini hung'aa? Mwanga husafiri kwa vifungu vidogo vya nishati viitwavyo fotoni. Fotoni ya zambarau ina nishati nyingi kuliko ya kijani. Ya urujuanimno inazizidi zote mbili, ila macho yetu hayaioni. Molekuli ya rangi ikiimeza, elektroni yake hupanda ngazi. Haikai huko. Sehemu ya nishati hupotea kwa mtikisiko wa molekuli, yaani joto, na elektroni ikishuka, kilichobaki hutoka kama fotoni mpya yenye nishati pungufu: kijani. George Gabriel Stokes alilieleza badiliko hili mwaka 1852, na kimojawapo cha vitu alivyochunguza ni maji ya kwinini, dawa ile ile chungu ya malaria. Yenyewe hung'aa buluu.

Hapa ndipo penye siri. Chuma na mpira vikimulikwa humeza mwanga huo au hurudisha ule ule tusiouona, hivyo hubaki vyeusi. Rangi peke yake hurudisha mwanga mwingine, tena ule ambao jicho huudaka vizuri kuliko wote. Miwani ya njano anayovaa fundi huzuia zambarau inayoponyoka kwenye tochi, na kijani kikapita.

Maji ya rejeta yanataka rangi inayoyeyuka majini, kama fluoresini. Oili inataka yake. Mwaka 1877, huko Ujerumani, kilo 10 za fluoresini hiyo hiyo zilimiminwa pale mto Danube unapozama ardhini. Baada ya saa 60 hivi, chemchemi ya Aach ilitoa maji ya kijani. Hata mto huvuja.

Gasketi ikishabadilishwa, fundi mwangalifu husafisha mng'ao wote wa zamani, huliendesha gari, kisha huwasha tochi mara ya pili.