Papa aliuza mikaratusi ili niwe mwuguzi

*Mama mshauri, nina miaka 28, ni mwuguzi A1 katika kituo cha afya kando ya barabara ya Butembo–Beni. Papa aliuza shamba lake la mikaratusi ili nisome. Leo kila nikipangiwa zamu, tumbo linanikaza tangu jana yake. Primu ya miezi minne haijafika. Mama mdogo ananunua kakao Mangina na ananiita tufanye naye kazi. Wenzangu wanasema nimechoka tu, nitazoea. Mchungaji anasema uuguzi ni wito, haukimbiwi. Nitajuaje kama kazi hii si yangu? Na nikiiacha, nitamtazama Papa kwa macho gani? – Mwuguzi, Butembo*

Mwanangu, barua yako nimeisoma yote, pamoja na ile sehemu ndefu tuliyoikata hapa kwa kukosa nafasi. Nitairudia, kwa sababu jibu nadhani umeliandika humo mwenyewe.

Tuanze na primu. Mtu asiyelipwa akisema anaichukia kazi, bado hatujajua kama anachukia kazi au anachukia kutolipwa. Wewe unajua kuliko mimi: wauguzi wengi wa kwetu hawapati mshahara wa serikali, wanaishi kwa primu inayotokana na malipo ya wagonjwa. Wagonjwa wakikimbia vita, primu nayo imekimbia. Nawafahamu wauguzi ambao wakipewa mshahara wa kila mwezi, wito wao utarudi kesho asubuhi.

Halafu kuna hofu. Kituo chako kiko kwenye barabara ileile ya Maboya, ambako Oktoba 2022 waasi wa ADF walivamia kituo cha afya na Sista Marie-Sylvie Vakatsuraki, mtawa na daktari, akauawa. Anayelala usiku kwenye barabara hiyo tumbo likamkaza, ana akili timamu. Atakayekuambia kwamba hiyo ni dalili ya kukosa wito, mwulize yeye alilala Maboya lini.

Kwa hiyo kazi yako siwezi kuipima kwa siku mbaya. Siku mbaya hapa kwetu kila mtu anazo: mwalimu anazo, dereva wa pikipiki anazo, mwenye duka ambaye mzigo wake umekwama njia ya Kasindi anazo. Wote wakiacha kazi kwa sababu hiyo, Butembo nzima itabaki imekaa barazani. Mimi nauliza habari za siku nzuri. Siku ambayo dawa zipo, hakuna milio ya risasi, na mgonjwa amepona mikononi mwako: siku hiyo unakuwaje?

Nawe umeniandikia moja. Mama mmoja aliletwa usiku kwa pikipiki, mtoto ametanguliza matako, na kumpeleka mjini haikuwezekana. Titileri, mwuguzi mkuu wa kituo, na wewe mkamzalisha. Mtoto akalia, bibi zake wakaanza kuimba uani, titileri akakusifu mbele ya watu wote. Kisha unaandika: "Nilifurahi kwa ajili yao, lakini nilikuwa nangoja waondoke nikamalize kuhesabu dawa."

Hapo mwandiko wako unabadilika. Uzazi ule wote umeusimulia kwa mistari michache. Lakini kabati la dawa limechukua ukurasa mzima. Unanieleza jinsi fishi ya artesunate, kadi ya hesabu ya dawa hiyo, ilivyosema chupa 40 na kwenye rafu ukakuta 31. Jinsi ulivyokataa maneno ya "zimeibwa", ukakaa na daftari la wagonjwa hadi ukaona kwamba zamu za usiku zinaandika dawa kwenye daftari lakini haziandiki kwenye fishi. Jinsi ulivyopanga upya makopo, yanayokaribia kuharibika yakawa mbele, na jinsi unavyoikagua friji ya sola kila asubuhi kwa ajili ya oksitosini, ingawa hakuna aliyekutuma. Mwanangu, hakuna mtu aliyechoka anayeandika hivyo. Mtu aliyezaliwa kwa kazi ya kuuguza, mtoto wa namna ile akilia, habari za fishi zinamtoka kichwani. Wewe hazikukutoka.

Basi hukumu yangu ni hii: kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa si kazi yako. Unaifanya vizuri, na huo ndio mtego wenyewe, maana watu wanaendelea kukusifu. Lakini sijaona popote kwamba afya yote si mahali pako.

Sasa kakao, na nitaanza na hesabu ya Papa. Unasema uliingia masomoni mwaka 2019. Sihitaji kukukumbusha ulikuwa mwaka gani. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina, na hadi ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu 2,287. Katikati ya misiba hiyo ilikuja Riposti, mpango wa kupambana na Ebola, na magari yake, na dolari zake za kila siku. Mzazi gani wa Butembo hakumwona mtoto wa jirani, mwuguzi wa juzi, anapandisha nyumba ya matofali? Papa wako alihesabu kama mfanyabiashara: miti imeshakomaa, soko la wauguzi limepanda, auze huku anunue kule. Hakukosea kukupenda. Ila Riposti ilifunga mizigo ikaondoka, nawe ukabaki na diploma.

Tazama vizuri kabla hujapanda gari la Mangina. Mwaka 2024 bei ya kakao kwenye soko la dunia ilipita dolari 10,000 kwa tani, na mwaka uliofuata ikaporomoka. Ukienda kwa sababu ya bei, utakuwa umefanya alichofanya Papa, na safari hii hakuna mikaratusi ya kuuza. Ukienda kwa sababu unapenda mizani, magunia na hesabu, hiyo ni habari nyingine, na sitakuzuia. Katika barua yako yote, hata hivyo, kakao ina sentensi moja tu.

Wanaobadilisha kazi kwa busara mara nyingi hawatoki nje ya nyumba, wanahamia chumba kingine. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu alikusudia kuwa daktari wa watoto. Alipofika hospitali ya Lemera akaona jinsi akina mama wanavyokufa katika kuzaa, akageuza njia, akaenda Ufaransa, Angers, kusomea magonjwa ya wanawake. Nani atasema ameukimbia wito? Hilo mpelekee mchungaji, kwa heshima.

Na chumba chako kipo. Katika shule za tiba za ISTM kuna tawi la usimamizi wa taasisi za afya, lile wanaloliita GIS, na mwuguzi aliyekwisha kushika sindano akiingia huko anajua nyuma ya kila namba kuna nini. Butembo kwenyewe kuna CADIMEBU, depo kuu inayosambaza dawa za lazima kwenye vituo. Kila eneo la afya linahitaji mtu wa kuhakikisha kwamba chupa 40 za kwenye karatasi ni chupa 40 za kwenye rafu. Siahidi kwamba nafasi ziko wazi, kwetu nafasi hazikai wazi. Lakini ukibisha hodi huko una kitu cha kuonyesha: fishi zako.

Kuhusu Papa. Usimwambie kwa simu, na usianze na neno "naacha". Tafuta kwanza baba mdogo, au mzee mwingine ambaye Papa anamsikiliza, umweleze yote. Kisha nendeni wawili siku ya Jumapili baada ya ibada. Mshukuru kwa mikaratusi, kwa jina la shamba lenyewe. Mweleze kwamba bila miaka ile ya shule usingejua artesunate ni nini, wala usingejua kwamba kukosekana kwake kunaua. Anaweza kununa. Mzee wa Butembo akiona mtoto wake anahesabu mali na hesabu inakubali, kununa kwake hakutadumu sana. Huu ni mji wa wafanyabiashara, hesabu wanaielewa kuliko sindano.

Mama mdogo mjibu wewe mwenyewe, mwombe akungojee bila kukasirika. Na Jumatatu ukifika kazini, mwombe titileri akukabidhi famasia ya kituo kwa miezi mitatu, na zamu zako za uzazi zipungue, zisiishe, mpaka apate mtu. Miezi hiyo ikipita na tumbo bado linakukaza hata siku ya kuhesabu dawa, niandikie tena, tuzungumze habari za Mangina.