Kabla ya Kuweka Sahihi: Jinsi Mgonjwa na Daktari Wanavyoweza Kuamua Pamoja

"Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa, daktari."

Mazungumzo mengi ya chumba cha daktari huishia hapo, na mara nyingi kilichoeleweka ni kidogo mno. Mgonjwa hataki kuonekana mbishi mbele ya msomi. Daktari naye anaifikiria foleni iliyo nje ya mlango. Mgonjwa akishatoka ndipo anapomuuliza nesi, muuza dawa au shangazi yake kwenye simu yale aliyopaswa kumuuliza daktari.

Penye tiba moja inayojulikana, kama malaria isiyo kali, ukimya huo hauleti hasara kubwa ilimradi dozi imalizwe. Hasara huja pale ambapo njia za kutibu ni zaidi ya moja na kila moja ina bei yake, maumivu yake na matokeo yake. Hapo daktari ndiye anayeujua ugonjwa, lakini mgonjwa ndiye anayeyajua maisha yake. Uamuzi ukichukuliwa kwa ujuzi wa upande mmoja tu, ni rahisi kukosea.

Mfano wa uvimbe kwenye kizazi

Tuchukue jambo linalowapata wanawake wengi. Mama wa miaka 38 anatokwa na hedhi nyingi mpaka damu yake imepungua. Ultrasaundi imeonyesha uvimbe kwenye kizazi, ule unaoitwa fibroidi. Anaambiwa, "Itabidi kizazi kitolewe," kisha anapewa fomu aweke sahihi.

Huenda ushauri huo ni sahihi kabisa. Lakini uvimbe wa aina hii kwa kawaida si saratani, na njia za kuushughulikia ni kadhaa. Usiosumbua unaweza kuachwa na kufuatiliwa, maana mara nyingi husinyaa hedhi ikishakoma. Zipo dawa za kupunguza utokaji wa damu. Upo upasuaji wa kuondoa uvimbe peke yake na kukiacha kizazi, ingawa uvimbe mwingine unaweza kuota baadaye. Upo wa kutoa kizazi chote, ambao humaliza tatizo lakini pia humaliza uwezo wa kushika mimba. Hospitali chache kubwa huweza pia kuziba mishipa ya damu inayoulisha uvimbe.

Ipi inamfaa mama huyu? Ultrasaundi haiwezi kujibu. Je, anataka mtoto mwingine? Baada ya upasuaji wa tumbo atakaa wiki kadhaa bila kubeba vitu vizito; nani atachota maji na kusimamia genge lake? Je, anaogopa kisu, au amechoka kiasi kwamba anataka yaishe mara moja? Majibu hayo anayo yeye. Asipoulizwa, na asiposema, daktari ataamua kwa kubahatisha.

Kabla ya kwenda hospitali

Andika mambo matatu kwenye karatasi au kwenye simu: kinachokusumbua kuliko vyote, unachotaka tiba ikusaidie kukifanya, na unachokiogopa. Asiyejua kuandika amwombe mtoto au jirani amwandikie.

Beba kadi ya kliniki, majibu ya vipimo vya zamani na dawa zote unazotumia, pamoja na pakiti zake. Mitishamba nayo itaje. Wengi huificha kwa kuogopa kugombezwa, ilhali baadhi yake hugongana na dawa za hospitali au huongeza utokaji wa damu wakati wa upasuaji. Daktari hawezi kukukinga na asichokijua.

Ukiweza, nenda na mtu mmoja unayemwamini, na mgawane kazi kabla ya kuingia. Yeye asikilize, aandike na akukumbushe ulichosahau. Asijibu kwa niaba yako.

Jambo kubwa liseme mwanzoni. Wagonjwa wengi huanza na kikohozi na maumivu ya mgongo, kisha la moyoni hulitoa wakiwa wameshasimama waondoke. Sema mapema: "Daktari, nina mambo mawili, lakini hili la kutokwa damu ndilo linaloninyima usingizi."

Maswali ya kuuliza

Mwaka 2011 watafiti wa Sydney, Australia, waliwatuma waigizaji kwa madaktari wa familia, wakijifanya wagonjwa. Walipouliza maswali matatu mafupi, madaktari walitoa maelezo mengi na bora zaidi kuhusu njia za tiba. Kwa Kiswahili chetu maswali hayo yanaweza kuulizwa hivi:

1. Daktari, kwa hali yangu kuna njia gani za tiba?
2. Kila njia ina faida gani na madhara gani?
3. Kwa mtu kama mimi, faida hizo na madhara hayo hutokea mara ngapi?

Ongeza la nne: Tukisubiri kwanza, itakuwaje? Jibu linaweza kuwa, "Hakuna shida, rudi baada ya miezi mitatu," au linaweza kuwa, "Ukisubiri, maisha yako yatakuwa hatarini." Majibu yote mawili yana thamani.

Daktari akisema madhara ni "nadra", mwombe namba: "Kati ya watu 100 wanaofanyiwa hivi, wangapi hupata shida hiyo?" Neno "nadra" kila mtu hulipima kwa kipimo chake; watu 2 kati ya 100 ni wale wale kwenu nyote. Kama daktari hana namba kamili, atakueleza kwa makadirio, na hilo linatosha kuanzia.

Wengine hupenda kuuliza, "Angekuwa ni mama yako ungemfanyia nini?" Ni swali zuri, ila likae mwisho, baada ya wewe kueleza unachotaka. Vinginevyo daktari atajibu kwa kufuata anayoyathamini yeye, ambayo huenda si yako.

Kama unaogopa kuonekana mjuaji, anza kwa heshima: "Samahani daktari, naomba nisaidie nielewe vizuri kabla hatujaamua." Daktari mwenye busara haoni hapo utovu wa adabu.

Pesa isizungumzwe dirishani tu

Tiba isiyolipika si tiba. Mgonjwa huandikiwa dawa ya mwezi, hununua ya wiki, kisha hurudi kliniki akiona haya kusema. Daktari akiona presha haijashuka, huongeza dawa nyingine. Kumbe ugonjwa ulikuwa mfukoni.

Kwa hiyo uliza mle mle chumbani: kipimo hiki ni kiasi gani, kina ulazima leo, na kuna dawa ya bei nafuu inayofanya kazi ile ile? Mwenye bima, iwe NHIF ya Tanzania au SHA ya Kenya, aulize kabla ya kulazwa bima yake italipia nini na kitakachobaki ni kiasi gani. Asiye na uwezo kabisa aulize ilipo ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Hospitali za umma za Tanzania hushughulikia huko maombi ya msamaha wa gharama.

Upande wa daktari

Foleni ni ndefu, na hakuna anayebisha hilo. Lakini kumsikiliza mgonjwa hakuchukui muda mrefu kama inavyodhaniwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1984 ulionyesha kuwa madaktari waliwakatiza wagonjwa baada ya wastani wa sekunde 18. Mwaka 2002 watafiti wa Basel, Uswisi, walifanya kinyume: madaktari walinyamaza mpaka mgonjwa amalize mwenyewe. Wastani ulikuwa sekunde 92, na karibu wagonjwa 8 kati ya 10 walimaliza ndani ya dakika 2. Dakika 2 hizo huokoa kipimo kisichohitajika na safari ya kurudi.

Penye njia zaidi ya moja, sema wazi kwamba zipo. "Mama, tunaweza kufanya hivi au vile. Niambie kwanza, kwako wewe jambo la muhimu zaidi ni lipi?" Sentensi hizo mbili hubadilisha kikao kizima. Kisha eleza kwa maneno ya nyumbani, chora kizazi au moyo nyuma ya karatasi, na umpe karatasi hiyo aondoke nayo. Tafiti zimeonyesha kuwa kati ya asilimia 40 na 80 ya anayoelezwa mgonjwa husahaulika papo hapo.

"Umenielewa?" ni swali lenye jibu moja tu kwa mtu mwenye adabu. Badala yake jaribu hivi: "Nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, utawaambiaje kuhusu tulichozungumza?" Akikosea, kosa linakuwa la maelezo yako, na mgonjwa hapotezi heshima yake. Rekebisha, kisha mwombe arudie.

Kwa mzee asiyejua Kiswahili vizuri, tafuta mkalimani mtu mzima. Si vema kumfanya mtoto wa miaka 12 amtafsirie mama yake habari za kizazi: mama ataficha, na mtoto atabeba mzigo usio wake.

Ndugu nao

Kwetu mgonjwa haugui peke yake. Ndugu huchanga pesa, hupika uji, hulala kwenye korido. Ni haki yao kushauri, lakini mwili si wao. Akiwa mtu mzima mwenye akili timamu, ridhaa ni yake, awe mke wa mtu au baba wa watoto kumi.

Jambo gumu ni pale watoto wanapomvuta daktari pembeni na kusema, "Usimwambie mzee kuwa ni saratani." Njia nyepesi ni kumuuliza mwenyewe mapema, kabla majibu hayajatoka: "Shikamoo mzee. Majibu yakija, ungependa nikueleze wewe, au nizungumze na mwanao?" Wapo watakaosema, "Ongea na mwanangu." Wengi watasema, "Niambie mimi." Kwa vyovyote, ameamua mwenyewe.

Fomu, haraka na kukataa

Sahihi huja mwisho, baada ya mazungumzo. Soma fomu, au uombe usomewe, na uhakikishe imetaja upasuaji ule ule mliokubaliana. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia za tiba, faida, hatari na gharama zake, na kwamba anaweza kukataa, tena kwa lugha anayoielewa pale inapowezekana.

Kwenye dharura mambo hubadilika. Uliza swali moja tu: "Tuna muda gani?" Jibu likiwa dakika, kama mama anavuja damu au mtoto tumboni anachoka, si wakati wa kumsubiri mjomba atoke safari. Jibu likiwa siku au wiki, unaweza kusema bila woga, "Naomba siku mbili nikatafakari," au, "Ningependa kupata maoni ya daktari mwingine, naomba nakala ya majibu yangu."

Ukiamua kukataa, sema wazi na usipotee. Uliza dalili zipi zikitokea urudi mbio, na lini urudi kuangaliwa. Daktari naye aandike kwenye faili kilichoelezwa na kilichokataliwa, na aache mlango wazi. Mgonjwa aliyefokewa kwa kukataa leo hatarudi kesho hata akizidiwa.

Ewe msomaji, kliniki ijayo usiende mikono mitupu: nenda na swali moja lililoandikwa, na usitoke mpaka lijibiwe. Nawe daktari, mgonjwa wa kwanza kesho asubuhi mwache amalize kusema kabla hujashika kalamu.