Raba ya CV Imechanika? Jitengenezee Uani

Probox, Vitz na wenzao waliojaa Kisauni, Likoni na Changamwe huvutwa na magurudumu ya mbele, na kila ekseli ina raba mbili zinazofunika jointi za CV na kuzuia grisi isitoke. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika la zaidi ya miaka 8, lakini kwa raba hata hiyo 8 ni uzee. Nyingine hushuka bandarini Kilindini tayari zina nyufa.

1. Chungulia kabla hujasikia. Kata usukani hadi mwisho, utazame nyuma ya gurudumu. Ukiona grisi nyeusi imerukia rimu kwa ndani, raba imepasuka na huenda jointi bado nzima. Lakini gari likishaanza kulia ka-ka-ka kwenye kona, mchanga umekwisha kula gololi. Hapo usihangaike na raba, nunua jointi.

2. Nati ya ekseli ipulizie dawa ya kutu jioni ya kuamkia kazi, maana chumvi ya pwani huigandisha. Nyoosha ukingo wa nati uliobonyezwa, kisha uilegeze gari likiwa bado chini, breki imekanyagwa. Toyota nyingi ndogo hutaka soketi ya 30. Wakati wa kurudisha funga nati mpya.

3. Jeki kwenye mchanga wa uani huzama, basi itandikie ubao mnene. Halafu gari likalie stendi za chuma. Usithubutu kuliegemeza juu ya tofali la matumbawe: linajenga nyumba vizuri, ila hupasuka ghafla likibeba uzito mahali pamoja.

4. Weka beseni chini ya giaboksi kabla ya kuchomoa ekseli, kwani mafuta yatamwagika na itabidi uyajazie. Waya wa kihisi cha ABS, kama upo, usiuvute.

5. Hapa ndipo wengi hupoteza siku nzima. Kwenye Toyota nyingi jointi ya nje haivuliwi kutoka kwenye shafti, hata uigonge vipi. Fungua ya ndani, yenye roli tatu, utie alama ya rangi ili irudi ilivyokuwa, kisha pitisha raba zote mbili kwa upande huo. Ukishafika hapo, badilisha zote. Ya pili haiko mbali kupasuka.

6. Osha jointi mpaka gololi zing'ae, uiache ikauke, na kazi hii uifanyie juu ya turubai, si mchangani. Tumia grisi nyeusi ya molibdenamu inayokuja na raba, uitie yote. Ile ya manjano ya beringi iache koponi, hata jirani akikuapia kwamba grisi ni grisi.

7. Kabla ya kubana klipu ndogo, ingiza bisibisi butu chini ya mdomo wa raba ili hewa iingie na mikunjo ikae sawa. Klipu ziwe za chuma. Kamba za plastiki hulegea kwa joto la ekseli.

8. Kaza nati kwa spana ya kipimo kulingana na kitabu cha gari, zunguka mtaani, kisha kagua klipu tena. Grisi chafu itie koponi uipeleke gereji. Mitaro yetu inaishia baharini.

Na kama kesho alfajiri una foleni ya feri Likoni, kazi hii isubiri Jumapili.