Falsafa kwa pesa za kuhesabu

Swali: Mwanangu amepata diploma ya Serikali, anataka falsafa. Ninafanya kazi mgodini hapa Kolwezi, mshahara ni mdogo. Nimpeleke wapi?

Jibu: Baba, anza na Lubumbashi, kilomita kama 300 kwa barabara. UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ni chuo cha umma, na mwanafalsafa V.Y. Mudimbe alifundisha pale miaka ya 1970 kabla ya kuhamia Marekani. Kwa Wajesuiti wa Kimwenza, Kinshasa, falsafa inafundishwa vizuri tangu 1954, ila safari ya ndege peke yake inakula pesa nyingi.

Usilinganishe minervali (karo ya chuo) tu. Kinachomaliza wazazi ni chumba, chakula, nakala za masomo na gharama za kazi ya mwisho. Kama una ndugu Lubumbashi wa kumpokea kijana, hapo umeokoa sehemu kubwa.

Kabla ya kulipa, nendeni chuoni pamoja. Aingie maktaba, aombe kitabu cha Plato au cha Mudimbe, tena akishike mkononi. Awaulize wanafunzi wa mwaka wa 3: maprofesa wanafika darasani? Kazi zenu zinasahihishwa na kurudishwa? Mwanafalsafa hufundwa na kazi iliyosahihishwa. Wakisita kujibu, pesa yako isitoke mfukoni.