Mtandao Ndani ya Gari la Kulala

*Simu huonyesha mstari mmoja ndani ya gari la kulala na mitatu nje. Msafiri wa kwenda Marsabit afanye nini ili intaneti isikatike? – Msomaji, Nanyuki*

Tofauti hiyo haitokani na ubovu wa simu, bali na bati la gari linalozuia mawimbi ya redio, kwa hiyo antena ya nje, yaani kinasa mawimbi kinachofungwa juu ya paa na kuunganishwa kwa waya na modemu yenye laini, husaidia kuliko simu mpya. Lakini katika jangwa la Chalbi, huko Marsabit, ambako minara ya simu huwa mbali mno, antena hainasi kisichokuwepo. Hapo hufaa dishi la setilaiti la Starlink, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2023, mradi lione anga wazi. Modemu inayotumia umeme wa gari ikizimika injini inapowashwa, fundi umeme wa magari akague betri na waya.